Linatetemeka kwa Mekbib Peke Yake

Pale Shiro Meda, Addis Ababa inapokwisha na mlima unapoanza, pana benchi la mbao lenye miguu mitatu na jiwe. Nyuma yake ni maduka ya nguo nyeupe za pamba. Mbele yake barabara inaporomoka kwenda mjini, na ukigeuza shingo upande wa pili, inapanda Entoto kwa kona ambazo hata punda husimama kupumua. Etalem huuza kahawa hapo kwa birika la udongo, vikombe vitatu kila mtu kama desturi inavyotaka, cha tatu kikiwa cha baraka, na anayeondoka kabla ya cha tatu husengenywa mpaka jioni. Wanaokaa benchi hilo wanajua kila kitu cha dunia hii isipokuwa pa kwenda asubuhi. Wapelekee jino linalouma, utarudi nalo vilevile, ila sasa na sababu kumi na mbili za kuuma kwake.

Siku hiyo aliyeleta jino alikuwa mzee Shibeshi, na jino lenyewe ni teksi yake, gari la Kirusi la bluu na nyeupe, lililoegeshwa kando ya benchi na jiwe chini ya gurudumu. Lilikuwa na ugonjwa wa kuja na kuondoka. Leo linatetemeka kuanzia sakafu hadi vioo, kesho limetulia kama bibi harusi. Na lililomchoma Shibeshi ni kwamba halikuwahi kutetemeka mikononi mwake. Lilitetemeka kwa mwanawe Mekbib, dereva wa jioni, peke yake. Mafundi wawili walilizunguka, wakaliendesha, wakarudi wakisema ni zima. Basi Shibeshi akakata shauri kwamba gari haliwezi kusema uongo. Alimpokonya mwanawe ufunguo mbele ya watu, hapohapo kijiweni, akamwambia ana mguu wa kwato na klachi si ngoma ya harusi. Tangu siku hiyo walikuwa wakipishana mlangoni kama wapangaji.

Etalem alikuwa anamimina kikombe cha kwanza simu ya Shibeshi ilipolia. Ni mkewe, Zenebech, na sauti yake ilisikika hadi kwenye mkaa.

— Mwanao anafunga begi. Basi la Moyale linaondoka asubuhi hii, na dalali anamsubiri kituoni. Unanisikia? Moyale, halafu Kenya, halafu kule chini Afrika Kusini, alikokwenda mtoto wa jirani yetu Worknesh akarudi ndani ya sanduku. Mpe ufunguo, Shibeshi.

— Wazee wanalizungumza.

— Wazee gani? Hao walevi wa kahawa?

Shibeshi akaizima simu, akaitia mfukoni. Hakutaka kijana aondoke. Hilo hata yeye hakujidanganya nalo. Ila alitaka kwanza atokee mtu wa kumwambia kwamba alifanya vizuri. Akishaambiwa hivyo, angeweza kusamehe kwa heshima. Kusamehe bila kuwa na haki, aliona, ni kazi ya wanawake.

— Jamani, mmesikia, akasema. Kijana anaondoka. Kabla sijamzuia nataka nijue. Gari lina nini?

Aliyekohoa kwanza alikuwa Moskoo. Jina lake la ubatizo lilikwisha sahauliwa. Ujanani alipelekwa Urusi kusomea kilimo cha viazi, akarudi na kofia ya manyoya, na tangu hapo chochote kilichotoka Urusi, hata sindano, alikiona ni cha ukoo wake.

— Shibeshi ndugu yangu, hilo gari nalijua toka tumboni. Mtetemo wa kuja na kuondoka ni tairi. Balansi. Mwisho.

— Tairi si nimebadilisha, za mbele na za nyuma?

— Ndiyo maana linakuja na kuondoka! Zingekuwa mbovu lingetetemeka moja kwa moja.

— Toka hapa, akasema Tanki.

Tanki alikuwa mtu mpana aliyeendesha vifaru katika vita ambavyo kila mwaka aliviongezea ushindi. Alikuwa ameshika kikombe kidogo cha kahawa kwa vidole viwili kama aliyekamata mdudu.

— Raba za injini zimekatika, akasema. Injini inacheza ndani kama maharage kwenye chungu. Nimeona kule mpakani. Kifaru kizima kilikuwa kinatetemeka hadi meno yanagongana, kumbe raba. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Hiyo methali inahusianaje na raba? akauliza Moskoo.

— Raba si iko ndani ya nguo ya gari?

— Fundi aliziona hizo raba, akasema Shibeshi. Nzima.

— Basi kama raba nzima, mguu wa dereva. Jeshini kifaru kikitetemeka hatukufungua injini, tulimchapa dereva. Na kiliacha.

Kijiwe kikacheka. Shibeshi naye akacheka, na kile kicheko kikamkaa vizuri tumboni pamoja na kahawa. Hilo ndilo alilolijia.

— Hata mimi nasema mguu, akasema. Kijana anakanyaga klachi nusu, anaiachia nusu. Pleti inaungua, gari linatetemeka. Mimi huu mwaka wa ngapi nalo, limewahi kunitikisa?

— Wewe? Moskoo akapiga goti. Wewe unaendesha kama unabeba mayai! Si tulilijaribu wenyewe Jumapili? Nilikaa mbele mimi, Tanki na Shemasi nyuma. Ukatoa gia hapa hapa mbele ya Etalem, tukaserereka mpaka Arat Kilo kule mjini, injini inanong'ona tu. Nilisinzia, wallahi.

— Ulikoroma, akasema Tanki.

— Ushahidi mwingine wa nini? Mtu amekoroma ndani!

Madereva wa Shiro Meda wote ndivyo walivyo. Ukiwapa mteremko, mkono unakwenda wenyewe kutoa gia, na gari linashuka bure kwa uzito wake kama gunia. Petroli ni ya kupandia, husema, kushuka ametupa Mungu. Kuteremka na gia ni ushamba, na aliyeonekana akifanya hivyo huulizwa kama amerithi kisima cha mafuta.

Etalem akapuliza mkaa, majivu yakaruka.

— Mzee Shibeshi, akasema bila kumtazama, mtoto anaondoka na ninyi mnahesabu tairi. Si umpigie umuulize mwenyewe linatetemeka vipi?

— Nimuulize mshitakiwa? Tanki akashangaa. Wewe umeona mahakama gani hiyo?

— Mchelea mwana kulia, hulia yeye, akaongeza Moskoo, na akaitikisa kofia yake kama aliyefunga kesi.

Wa tatu alikuwa bado kimya. Huyu walimwita Shemasi, kwa kuwa aliwahi kuwa shemasi kweli, kabla hajaoa mke wa pili wakati wa kwanza angali hai na anapiga kelele. Kanisa lilimtoa, lakini sauti ya kusomea zaburi alibaki nayo. Akaitoa sasa.

— Mnapapasa chuma, ndugu zangu. Ugonjwa wa kuja na kuondoka, unaomshika mmoja ukamwacha mwingine, ninyi mnauita tairi? Huyo ni pepo. Pepo wa zari. Ana mtu wake. Akimwona anapanda kichwani, asipomwona analala.

— Pepo kwenye gari?

— Kwani lilitengenezwa na nani? Na watu wasioamini Mungu! Lilibarikiwa lini hilo? Shibeshi, uliwahi kulinyunyizia maji ya baraka?

— Maji ya kulioshea.

— Unaona!

Moskoo akakasirika, kwa sababu ukoo wake ulikuwa umeguswa.

— Gari la Kirusi haliwezi kushikwa na pepo wa Kihabeshi. Lugha hawaelewani. Mimi nitawaambia ukweli ambao sikutaka kuusema. Hilo gari linasikia baridi. Ndiyo! Liliumbwa kwa theluji. Jioni upepo wa Entoto ukishuka, linakumbuka kwao. Linatetemeka kwa hamu. Asubuhi jua likitoka, linakubali yaishe. Kijana anaendesha lini? Jioni! Mzee anaendesha lini? Asubuhi! Sasa niambieni nani ameongopa.

Hapo, kwa bahati mbaya, mlevi wa kahawa alikuwa amegusa ukweli kwa ukucha, na hakuna aliyeuona, hata yeye. Jioni na asubuhi. Kama kijiwe kile kingekaa juu ya neno hilo kwa muda wa kutafuna kiganja kimoja cha shayiri ya kukaanga, Mekbib angekuwa bado anatafuta soksi zake. Lakini Tanki alikuwa ameshaanza.

— Theluji! Mimi najua kinachotetemeka. Ni barabara. Wanachimba chini huko, mashine, handaki. Serikali haisemi. Gari likipita juu, linatikisika.

— Na mbona linamtikisa Mekbib tu? akauliza Shibeshi.

— Wanachimba jioni.

— Wakati watu wamerudi nyumbani wasisikie! Moskoo akadakia, kwa kuwa nadharia ya siri ya serikali aliipenda kuliko hata theluji yake.

— Mimi nashikilia pepo, akasema Shemasi. Dawa ni moja. Tuingie garini wote sasa hivi, tulipandishe hadi Entoto, kanisani kwa Maria, limwagiwe maji, na kijana naye amwagiwe. Likishuka limepona.

— Kupanda mlima? Shibeshi akashtuka. Watu wanne? Unajua gari linakunywa kiasi gani kupanda kule? Nichome petroli kwa ajili ya pepo?

— Haba na haba hujaza kibaba.

— Tangi ndilo litakalokuwa haba!

Wakacheka tena. Kikombe cha pili kikaja. Simu ikalia, na safari hii Zenebech hakupiga kelele, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

— Ametoka mlangoni. Amenibusu magoti. Ameuliza kama umetuma neno. Nimwambie nini, Shibeshi? Yuko pale kwenye kona anasubiri teksi ya kituoni.

Shibeshi akawatazama wenzake. Kila mmoja alikuwa na uso wa hakimu aliyekula akashiba.

— Mwambie aombe radhi, akasema. Akiri tu kwamba ni mguu wake. Hata kwa simu. Ufunguo nitampa leo.

— Akiri asichokifanya?

— Akiri yaishe.

Simu ikakatwa. Tanki akampiga begani.

— Hivyo hivyo. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Atafika hapo jirani tu, Debre Zeit, njaa itamrudisha.

Shibeshi akaitikia kwa kichwa. Kahawa ilikuwa chungu kuliko ya kwanza, ingawa kikombe cha pili huwa chepesi. Alijisikia kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba ambalo limekwisha chukuliwa na mto. Akataka kusema jambo, hakujua ni lipi, na hapo ndipo mwanamke mmoja mzee aliposimama mbele ya benchi. Alikuwa amejitanda shuka jeupe, mkononi ana dumu la njano. Hakuna aliyemjua.

— Mwenye teksi hii nani?

— Mimi, mama. Mjini?

— Mjini nikafanye nini? Napanda kwa Maria, kuchota maji.

— Asubuhi hatupandi, mama. Asubuhi tunateremsha watu wa kazini. Ninarudi juu mtupu, nateremsha wengine. Kupanda na watu ni jioni.

— Jioni najua. Lakini siku nyingi sasa nasimama hapa jioni, silioni. Kuna kijana mmoja mrefu, mpole, alikuwa akitupandisha. Dumu langu alinibebea hadi mlangoni pa kanisa. Yuko wapi?

Benchi likalia, kwa kuwa kila mmoja alijigeuza kidogo. Moskoo ndiye aliyepata ulimi.

— Huyo amesimamishwa, mama. Anatetemesha gari.

— Kweli lilikuwa linatetemeka, mama akasema. Pale juu kwenye kona ya mikalitusi, tukiwa tumejaa. Nilikuwa naushikilia mfuniko wa dumu hili. Na yeye alikuwa anasikitika, anatuambia tusiogope. Amesimamishwa kwa hilo?

— Tumelijaribu. Halitetemeki.

— Mmelipandisha mkiwa wangapi?

Moskoo akaiweka sawa kofia yake. Mama akadhani hawakusikia, akarudia polepole, kama mtu anayemuuliza mtoto.

— Tangu kijana aondoke, nani amelipandisha mlima na watu ndani?

Tanki akatazama ndani ya kikombe chake. Shemasi akatafuta kitu kwenye mkufu wa msalaba. Shibeshi akageukia Moskoo.

— Fundi wa kwanza alikwenda nalo wapi?

— Aliteremka nalo. Si ulikuwepo?

— Na wa pili?

— Naye aliteremka. Alitoa gia kama sisi.

— Ingieni, akasema Shibeshi.

— Bado kikombe cha tatu... akaanza Tanki.

— Ingieni nyote!

Wakaingia, Moskoo mbele, Tanki na Shemasi nyuma na mama na dumu katikati yao. Shibeshi akaondoa jiwe, akawasha, akatia gia ya kwanza, ya pili. Gari likaanza kupanda likilalamika kama kawaida ya kila kitu kizee. Nyumba zikapungua. Harufu ya mikalitusi ikaingia. Halikutetemeka, na Shibeshi akajikuta anaomba, na aibu yake ni kwamba hakuwa anaomba litetemeke.

Kwenye kona akaongeza mafuta, gari likabeba uzito wote, na hapo mtetemo ukaja. Ulianzia chini ya sakafu katikati, ukapanda kwenye kiti, usukani, meno. Kofia ya Moskoo ikashuka usoni. Shibeshi akakanyaga klachi. Kimya. Akaiachia, injini ikavuta tena, mtetemo ukarudi. Akakanyaga. Kimya. Akaachia. Mguu ulikuwa wake mwenyewe, na aliujua vizuri.

Akasimamisha gari, akalitilia jiwe, akalala chini kwenye vumbi na shati lake safi. Nyuma ya giaboksi, pale propela, ile fimbo ya chuma inayozungusha magurudumu ya nyuma, inapoungana nayo kwa raba nene ya duara, akapapasa kwa vidole. Raba ilikuwa imechanika mahali palipojificha upande wa juu. Gari likiwa tupu, au likiserereka gia nje, ule mpasuko hujifumba. Likivuta mzigo mlimani hufunguka kama mdomo. Fundi yeyote angeuona kama angeambiwa pa kutazama, na kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye angeweza kumwambia.

"Baba, panda na mimi jioni moja tu." Mekbib alimwambia hivyo, si mara moja. Naye alijibu kwamba hapandishwi mlima na mtoto aliyemfundisha kutembea. Watu walicheka sana siku ile.

Alipotoka chini ya gari, kijiwe kilikuwa kimehamia barabarani.

— Raba! Tanki alikuwa anapaza sauti. Nilisema nini mimi? Nilisema raba, mkanicheka!

— Ulisema raba za injini, akasema Moskoo. Mimi nilisema jioni. Neno jioni nani alilitaja?

— Na nani aliyesema tupande Entoto? akauliza Shemasi. Pepo au si pepo, nani?

Shibeshi akatembea hadi ukingoni mwa barabara. Mikono yake ilikuwa na grisi, simu ikawa inateleza. Iliita muda mrefu, kisha ikapokewa, na nyuma ya sauti ya mwanawe akasikia muungurumo wa basi na mtoto mchanga anayelia.

— Naam, baba.

— Limetetemeka, akasema Shibeshi. Hapa kwenye kona, tumejaa. Ni raba ya propela. Nimeishika kwa mkono wangu.

Upande wa pili mtoto mchanga aliendelea kulia.

— Shuka hapo mlipo. Rudi nyumbani, ufunguo ni wako. Mchana, jioni, wako. Nimeliona mwenyewe, mwanangu, nimeamini.

— Umeliamini gari, baba, akasema Mekbib. Mimi nilikuambia kabla yake.

Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira, Shibeshi angepata pa kushika. Alimwambia ampe mama salamu, kisha basi likaingia mahali pasipo na mtandao, au aliikata mwenyewe. Hilo baba yake hakulijua siku ile na hakulijua baadaye. Alipiga tena na tena akajibiwa na ile sauti ya mwanamke wa mtandao asiye na habari na mtu.

Nyuma yake ubishi wa nani alisema nini ulikuwa umefikia kushikana mashati. Yule mama akateremka na dumu lake, akamfuata ukingoni, akauliza kwa upole kama safari inaendelea au atembee.